Kadi ya kliniki iko mfukoni mwa mume wangu

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Naandika kwa simu ya mpwa wangu, kwa sababu yangu mume wangu huichukua kila jioni akasoma yote. Ukinijibu, tafadhali jina langu lisionekane.

Nina miaka 38, naishi Likoni, na nina watoto wawili. Binti yuko gredi ya saba, mdogo bado yuko chekechea. Kabla ya maradhi nilikuwa nauza mahamri na mbaazi asubuhi mlangoni petu, jioni viazi karai. Mume wangu ana tuktuk. Hiyo tuktuk tuliinunua kwa pesa zangu za chama na mkopo wake, ila stakabadhi zote zina jina lake.

Ramadhani ya mwaka jana, nilipokuwa naoga kabla ya daku, mkono wangu uligusa donge kwenye titi la kushoto, gumu kama kokwa ya ukwaju. Halikuuma, nikanyamaza. Mpaka Mfunguo Tatu lilikuwa limekua na ngozi imejikunja. Nilipokwenda hospitali kuu ya Makadara nikafanyiwa vipimo, wakakata kinyama, majibu yakarudi kuwa ni saratani. Titi likatolewa pamoja na tezi za kwapani, kisha nikapangiwa kemo nane, moja kila baada ya siku 21. Kufikia leo ningekuwa nimepata saba. Nimepata tano.

Ya kwanza kukosa ilikuwa kwa ajili ya pesa. Ami yangu aliwakusanya jamaa kwenye grupu ya WhatsApp wakachanga shilingi 86,000, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimelala sijiwezi, zikatumwa kwa nambari ya mume wangu. Siku ya kliniki nikamuomba nauli na pesa ya dawa, akasema hakuna kitu, tuktuk iliharibika injini. Niliposema zile ni pesa za watu za matibabu, alinishika mkono wa kushoto, huo huo wa upande wa operesheni, akaupindua nyuma. Ulivimba wiki mbili na hadi leo pete haingii. Mwenyewe anasema hajanipiga, alinishika tu.

Ya pili ni kadi. Kadi yangu ya kliniki anaiweka kwenye mfuko wa shati lake. Anasema huko hospitali naenda kutafuta wanaume, na sijui ni mwanaume gani atakayenitazama nilivyo. Siku hiyo aliondoka nayo alfajiri. Aliporudi nikamfokea kwa mara ya kwanza, naye akanisukuma ukutani akanibana shingo kidogo. Binti yangu aliona. Tangu siku hiyo haniachi peke yangu chumbani.

Kuna mambo ya usiku ambayo naona haya kuyaandika. Baada ya kemo huwa mdomo umejaa vidonda, natapika, lakini yeye hajali. Hataki kondomu, anasema mke wa ndoa havaliwi mpira. Wakati mwengine ananiambia niweke mtandio kifuani nisimtie kinyaa, kwamba analala na mwanamume mwenzake.

Mavyaa wangu nilimweleza. Alisema mume ni stara, nivumilie, yeye amevumilia makubwa kuliko hayo, na kwamba maradhi yangu ndiyo yaliyomharibu mtoto wake. Ni kweli zamani hakuwa hivi. Alikuwa akinipiga mara moja moja tu, tena kwa sababu.

Swali langu ni hili: je, nivumilie hadi kemo iishe, ndipo nifikirie mengine? Maana nikiondoka sasa sina nguvu wala pesa, na hata SHA, bima ya afya ya serikali, ni yeye aliyeniandikisha chini yake. Kliniki yangu ijayo ni Jumanne.

Mama Wawili, Likoni


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona pesa, ya pili nikaiona kadi. Mara ya tatu nilikwama kwenye neno moja ulilolipitisha mbio mbio: kidogo. Alinibana shingo kidogo. Nitaanzia hapo, kwa sababu katika yote uliyoniandikia hakuna lililonitia hofu kama hilo.

Shingo haibanwi kidogo. Hapo ndipo inapopita pumzi na damu ya kwenda kwenye ubongo, na haihitaji nguvu nyingi wala muda mrefu mtu kupoteza fahamu. Mara nyingi ngozi haionyeshi alama, na madhara hujitokeza baada ya saa kadhaa au hata siku. Sauti ikikwaruza, ukimeza mate kukauma, kichwa kikizunguka au mkono ukifa ganzi, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo na unasema kwa maneno hayo: nilikabwa shingo. Usiseme niliteleza. Wanaowahudumia wanawake waliopigwa, huku kwetu na kwengineko, wanaijua dalili hii vizuri: mwanamume aliyewahi kumkaba mkewe ana hatari kubwa zaidi ya kumuua siku za mbele kuliko yule ambaye hajawahi. Binti yako hajasoma utafiti wowote, lakini amelielewa hilo. Ndiyo maana haondoki chumbani.

Na wewe una la ziada. Kemo haichagui, inaua seli za saratani na pia inapunguza chembe za damu yako: zile zinazopigana na vijidudu, na zile zinazogandisha damu unapoumia. Ngumi ambayo kwa jirani yako ingeacha doa la siku tatu, kwako inaweza kuvujisha damu ndani bila kukatika upesi. Kidonda kidogo kinaweza kuwa homa ya kutishia maisha. Joto la mwili likifika nyuzi 38, mume awe amelala au ameamka, awe ametoa ruhusa au hakutoa, ni hospitali usiku huo huo.

Mkono nao. Tezi za kwapani zikishatolewa, maji ya mwili upande huo hayana tena njia nzuri ya kurudi. Ndiyo maana wauguzi wanakwambia usibebe ndoo kwa mkono huo, usiungue na mafuta ya kukaangia, usikatwe na kisu. Mkono uliopinduliwa ukavimba wiki mbili, na pete ikakataa kuingia hadi leo, unataka kuonwa na daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Uvimbe wa namna hiyo ukishughulikiwa mapema hutulia, ukiachwa hukaa maisha. Alinishika tu, anasema. Alishika mahali ambapo daktari alishapitisha kisu.

Sasa swali lako. Unauliza kama uvumilie hadi kemo iishe. Mwanangu, ukiwa ndani ya nyumba hiyo kama ilivyo sasa, kemo haitaisha. Mwenyewe umenipa hesabu: ungekuwa umepata saba, umepata tano. Hizo mbili hukukosa kwa udhaifu wa mwili wala kwa kuwa dawa haikuwapo. Siku 21 hazikuwekwa kwa ajili ya kalenda ya hospitali. Ni muda wa mwili wako kujikusanya bila kuzipa seli za saratani nafasi ya kujikusanya pia. Kila mara anapoondoka na kadi mfukoni, anazipa seli hizo muda. Ndiyo maana mimi sitenganishi mambo haya mawili, ugonjwa huku na ndoa kule, kana kwamba utamaliza la kwanza kisha uje kwenye la pili. Kadi iliyofichwa ni kipigo. Mchango ulioliwa ni kipigo. Tofauti yake na kofi ni kwamba alama yake haionekani shavuni, itaonekana kwenye picha za kifua mwakani.

Nisikubebeshe hukumu lakini. Kupanga uvumilivu ni hesabu ya mtu mwenye akili, unatafuta njia ya kuishi. Nakwambia tu kwamba hesabu hiyo ina kosa, na bora tulione leo.

Mavyaa wako amekwambia maradhi yamemharibu mtoto wake, nawe umemjibia kwa niaba yake: zamani hakuwa hivi, alikuwa akinipiga mara moja moja. Isome tena sentensi hiyo kama vile imeandikwa na binti yako miaka kumi na mitano ijayo. Mkono ule ulikuwapo kabla ya donge. Kilichobadilika ni kwamba sasa huna nguvu za kukimbilia kwa jirani, hukaangi mahamri kwa hiyo huna senti yako, na kila unachohitaji ili uishi kinapita mikononi mwake.

Sikatai kwamba ugonjwa huu unawatikisa wanaume. Unawatikisa. Wapo wanaolia chooni ili mke asisikie, wapo wanaojifunza kupika uji wakiwa na miaka hamsini. Nimemsindikiza rafiki yangu kliniki miezi mingi, na kwenye lile benchi nilimzoea mzee mmoja aliyekuwa akimfungia mkewe kilemba kila alipoitwa jina, polepole, kama anayefunga zawadi. Hofu alikuwa nayo na yeye. Lakini hofu haimfundishi mtu kuficha kadi. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 515 wenye maradhi mazito, saratani ikiwamo. Mgonjwa alipokuwa mwanamke, ndoa 21 hivi katika kila 100 zilivunjika. Mgonjwa alipokuwa mwanamume, zilikuwa kama 3. Maradhi ni yale yale. Wanawake nao huchoka, huogopa, hukosa usingizi na pesa, wala hatusikii wakiwapindua mikono waume wao waliotoka kupasuliwa.

Na neno stara nisiliache. Stara ni kufunikwa. Mtu anayekwambia ufunike kifua usimtie kinyaa hakustiri, anakuvua. Kovu lako ndilo lililokuweka hai hadi ukaniandikia.

Kuhusu usiku, ondoa haya, hapa ni baina yangu na wewe na wanawake wengi wanaosoma wakijua unachosema. Saratani haiambukizwi kwa kulala pamoja, hilo ajue. Lakini siku chache baada ya kila kemo mabaki ya dawa hutoka katika maji ya mwili, ndiyo maana madaktari hushauri kondomu, kwa faida yake yeye pia. Na mimba sasa ni hatari: dawa za kemo zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na ukija kupewa vidonge vya tamoksifeni, ambavyo humezwa kwa miaka mitano au zaidi, navyo havitaki mimba. Vidonge na sindano za uzazi wa mpango zenye homoni kwa kawaida havifai kwa mwenye saratani ya titi. Najua kukwambia umlazimishe avae kondomu ni kukutuma vitani bila ngao. Kwa hiyo muulize daktari wako kuhusu koili ya shaba, ambayo haina homoni, hatoiona wala haihitaji ruhusa yake. Lakini lililo kubwa kuliko hayo: mke aliyevimba mdomo na kutapika akisema sitaki, amesema sitaki. Ndoa haikuifuta hiyo kauli.

Hapo nakuja kwenye sheria, na nataka uishike vizuri maana wengi wetu Pwani hatuijui. Kenya ina Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015. Sheria hiyo haikuishia kwenye ngumi. Imetaja kunyanyaswa kiuchumi, kutukanwa, kutishwa, kuumizwa moyo, imetaja ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na hata kuingiliwa na wakwe. Kila ulichoniandikia kimo humo. Kwa sheria hiyo unaweza kwenda mahakama ya hakimu ukaomba amri ya kinga, na panapokuwa na hatari hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla hata mume hajaitwa kujitetea. Amri inaweza kumkataza kukugusa, kukutisha na kukufuata unakokwenda, inaweza hata kumtoa yeye nyumbani ubaki wewe na watoto. Akiivunja ametenda kosa la kukamatwa.

Watakwambia nyinyi ni Waislamu, mambo yenu ni kwa Kadhi. Mambo ya talaka, matunzo na haki zako za ndoa, ndiyo, ni kwa Kadhi, na huko pia una haja ya kwenda siku ikifika: matunzo na matibabu yako usiyaache bila kuyauliza, na pesa zako za chama zilizoingia kwenye tuktuk ni zako, tafuta daftari la chama na walioshuhudia. Lakini kukabwa shingo si suala la Kadhi peke yake. Ni kosa la jinai kwa Mwislamu, Mkristo na asiye na dini. Na watakaotaka mkae kikao cha wazee kwanza, waambie kikao kitakaa ukishakuwa salama. Nimeona vikao vingi. Mke huambiwa apunguze mdomo, mume huambiwa apunguze hasira, wote wakarudi nyumba moja usiku ule ule.

FIDA-Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa na wanawasaidia wanawake wasio na pesa. Laini ya 1195, ya kuwasaidia waliofanyiwa ukatili, ni bure, usiku na mchana, na wanazungumza Kiswahili. Piga kwa simu ya mpwa wako, si yako, kisha mfute nambari kwenye orodha ya simu zilizopigwa. Kituo cha polisi kina dawati la jinsia, na una haki ya kuandikisha maelezo yako kwa askari mwanamke. Ukifika omba fomu ya P3 ijazwe na daktari, akionyesha mkono na shingo.

Sasa kuondoka, maana najua umelizungushia swali hilo bila kulitamka. Sitakwambia ondoka leo. Sikujui nyumba yako, na mwanamume wa aina hii huwa hatari zaidi pale anapogundua mke anafunga virago. Kwa hiyo usimtishie kwamba utaondoka. Usimdai hizo 86,000 mkiwa wawili. Usimwambie umeniandikia. Kaa kimya, upange.

Picha za karatasi zako zote za hospitali, ripoti ya kile kinyama, barua ya operesheni, ratiba ya kemo, zipigwe kwa simu ya mpwa wako na zihifadhiwe kwake. Kitambulisho chako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa vitoke nyumbani kidogo kidogo, ndani ya kanga, vikae kwa mtu ambaye mume wako hamdhanii. Ami yako labda atamdhania. Mwanachama mwenzako wa chama hatamdhania. Dawa za wiki moja ziwe pamoja navyo. Binti yako mpe neno moja la siri. Ukimwambia nenda kwa jirani ukaniletee pilipili manga, ajue anamchukua mdogo wake na harudi hadi umfuate. Haistahili mtoto wa gredi ya saba kubeba jambo hili, nakubali, lakini ameshalibeba, na kumpa la kufanya kutampunguzia uzito kuliko kumuacha akesha mlangoni.

Simu yako mwenyewe iache kama ilivyo, na mazungumzo ya kawaida ndani yake, ili asione umeanza kuficha. Ila nambari ya siri ya M-Pesa ibadilishe kama anaijua, kwa kisingizio chochote. Na kwa Ami, mwambie ukweli wote. Yeye ndiye aliyewasimamia watu kuchanga, ana haki na wajibu wa kujua pesa zilikokwenda. Mchango ujao usipite kwa mume wako tena, ukae kwa watu wawili, na nauli ya kliniki uletewe mkononi siku ya kliniki. Ami asimvamie mume wako kwa maneno. Akishindwa kuizuia hasira yake, atakayelipa ni wewe.

SHA usiiguse kabla ya kuuliza. Mtu mzima anaweza kujisajili kwa jina lake, lakini wewe uko katikati ya matibabu, na ukitoka chini ya mume kabla jina lako halijakaa sawa, dawa inaweza kusimama hapo katikati. Kule hospitali kuna afisa wa ustawi wa jamii. Hiyo ni kazi yake, kukupangia hilo, na kuangalia kama unaweza kupata msamaha wa baadhi ya malipo. Pale pale Makadara kuna kituo cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili, kwa hiyo hutahitaji kumtafutia mume wako sababu ya safari nyingine. Unakwenda kemo. Unarudi umeshazungumza na watu watatu.

Kadi ya kliniki isikuzuie Jumanne. Kadi ni karatasi. Jina lako, nambari yako na ratiba yako viko kwenye faili la hospitali, na kadi iliyopotea huandikwa nyingine. Feri ya Likoni haitozi mtu anayevuka kwa miguu, unahitaji nauli ya matatu tu, na hiyo Ami ataitoa. Usipande feri peke yako. Nenda na mpwa wako, akae upande wako wa kushoto kwenye msongamano wa kushuka, mkono ule usisukumwe.

Mume akisema atakwenda nawe, usibishane. Mwache aje akae kwenye benchi. Ukiitwa ndani, mwambie muuguzi kovu linauma unataka litazamwe, na hapo lazima uvue nguo, mlango utafungwa na yeye atabaki nje. Wauguzi wa kliniki ya saratani wamewaona wanawake wengi waliokosa kemo bila sababu inayoeleweka, wakaandika tu kwenye faili kwamba mgonjwa hakufika. Hawajui kilichokuzuia mpaka uwaambie. Hutakuwa na muda wa hadithi yote, na pengine utalia. Jifunze maneno haya tangu leo, uyaseme hata kama sauti itatetemeka:

"Sista, naomba mume wangu asijue tunachozungumza. Ananipiga, amenikaba shingo, na kemo mbili nilizokosa ni yeye aliyenizuia. Nataka ziandikwe kwenye faili langu, na nataka kumuona afisa wa ustawi kabla sijarudi nyumbani."

Nitaisubiri barua yako baada ya Jumanne. Mpe mpwa wako simu yake sasa, na aifute hii.